Miguu ya Ng'ombe Katika Hesabu ya Ndege

Ndugu yangu alikuwa rubani wa ndege za abiria, na katika mazishi yake kule Sirisia kila aliyeshika maikrofoni alisifu ujasiri wake. Mmoja alisema tumempoteza tai. Tai huyo aliugua akafia kitandani, na sikuwahi kumwona akifanya jambo lolote la kijasiri. Alikuwa mtu wa hesabu. Akija likizo alikaa jikoni kwa mama na penseli, akanieleza mimi niliyeishia darasa la saba jinsi wanavyopata uzito ambao ndege inaweza kuruka nao: uwanja una urefu gani, uko juu kiasi gani, jua ni kali vipi, upepo unatoka wapi, lami imelowa au ni kavu.

"Hewa ya Kitale ni kama uji wa matanga," aliniambia. "Huku juu ni mwepesi tayari. Jua likiwaka, ni kama wageni wamezidi na mpishi ameongeza maji. Ndege haishibi. Na haijui cheo cha mtu."

Cheo kilikuja mazishini na ndege yake. Tulimwita Mheshimiwa, ingawa alikuwa amesimama uchaguzi mara mbili na mara zote mbili wapiga kura walikuwa na mawazo mengine. Alikodi ndege ndogo kutoka Nairobi hadi Kitale, akaja na marafiki wawili, akamleta na mjane wa ndugu yangu. Hilo la mjane nilimshukuru kwa dhati. Shemeji yangu alikuwa ameacha hospitalini Nairobi mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, na maziwa aliyomkamulia yalitosha hadi Jumapili jioni tu. Nami nilipewa kiti safari ya kurudi, nimsindikize.

Tulizika Jumamosi. Jumapili rubani, dada kijana asiye na maneno mengi, alitaka turuke saa tatu asubuhi, kungali baridi. Mheshimiwa akapitia kanisani "kusalimia tu". Alisalimia hadi saa saba.

Shemeji alingoja kando ya uwanja, leso ameibana kifuani. Maziwa yalikuwa yamepenya blauzi yake nyeusi.

Mheshimiwa alipofika, rubani alitazama kipimajoto, akatazama karatasi ambamo kila mtu alikuwa ameandika uzito wake, kisha akamtazama Mheshimiwa mwenyewe, kuanzia juu hadi chini.

"Mzee, hapa umeandika themanini na tano."

"Si ndiyo hiyo?"

"Na huu mfuko?"

"Zawadi kidogo kutoka kwa watu wangu. Kilo kumi."

Mfuko ule niliujua. Ndani mlikuwa na miguu miwili ya nyuma ya ng'ombe wa matanga, ambayo kwetu ni ya wajomba. Niliikata kwa mkono wangu.

"Si kumi," nikasema.

"Wewe nyamaza, bana! Msichana, hii ni ndege ama ni store ya mahindi?"

"Ni ndege," rubani akasema. "Lakini store iko wapi?"

Ilikuwa ng'ambo ya barabara. Tukaazima mizani ya magunia, tukapanda mmoja mmoja. Mheshimiwa alitoka mia moja ishirini na moja. Marafiki zake walikuwa wamejipunguza kilo ishirini kila mmoja, bila jasho. Mimi nilikuwa nimeandika sabini, mizani ikasema sabini na mbili. Nilikuwa nimevaa viatu vya ndugu yangu. Miguu ya ng'ombe ilikuwa kilo sitini na moja.

Rubani akakokotoa upya. Kwa joto lile, ilikuwa lazima kilo mia na thelathini zibaki. Kungoja jioni hakukuwezekana: mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Elgon.

"Basi mama abaki," Mheshimiwa akasema kwa upole wa ajabu. "Mjane hakimbii kaburi. Ata watu watasema nini?"

"Mama ni hamsini na nne," rubani akajibu. "Hatoshi."

Nikashusha begi langu. "Mimi nabaki. Sabini na mbili zimetoka."

"Bado hamsini na nane," rubani akasema. "Ni wewe, mzee, ama ni mfuko."

Mheshimiwa aliitazama miguu ile kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama kaburi. Marafiki zake walitazama mawingu. Mwishowe akaupiga mfuko teke, akaingia ndani bila kuniaga.

Ndugu yangu alinifundisha kuchagua alama kwenye uwanja: ndege ikifika hapo bila kasi yake, rubani mwenye akili hufunga breki. Rubani alinionyesha yake, jiwe jeupe. Ndege ilipokimbia nilikaza macho kwenye jiwe hilo. Magurudumu yaliachana na lami kabla ya jiwe, hatua kama arobaini hivi. Nilizipima baadaye kwa miguu.

Niliwapelekea wajomba haki yao kwa bodaboda. Jua likizama shemeji akatuma ujumbe: "Nimefika. Amepata maziwa." Wajomba walikuwa wamenikatia kipande. Tangu ndugu yangu afe sikuwa nimekula chakula nikakimaliza. Hicho nilikimaliza, nikaomba kingine.