Sahani Mbele ya Mkwe

Mtu akiniambia kwamba sinema ni kazi ya pamoja, huwa nanyamaza, kwa sababu nikifungua mdomo tutagombana. Nimeishi kwa kamera hapa Kisumu tangu nimalize shule. Nimepiga picha harusi za Nyamasaria ambako mvua ilifika kabla ya bibi arusi, na nimepiga mazishi mengi hivi kwamba nikipita Bondo hawakosi watu wa kunisalimia, wakinikumbuka nilivyosimama kando ya kaburi la baba yao. Kazi hiyo siionei haya. Lakini katika harusi na mazishi hadithi ni ya wenyewe, mimi ni macho tu. Nilitaka mara moja maishani nitunge yangu.

Ndiyo maana nilijiunga na lile shindano la wikendi. Sheria zake ni rahisi kueleza: Ijumaa jioni timu zinakutana, kila moja inapewa aina ya filamu na kitu ambacho lazima kionekane ndani yake, na Jumapili jioni filamu fupi iliyokamilika iwe imetumwa. Ukichelewa, umetoka. Sisi tulipewa vichekesho, na kitu chetu kilikuwa sahani.

Mwenzangu alikuwa mwanamume niliyewahi kupiga naye picha za harusi kadhaa. Alikuwa amekaa Nairobi miaka michache akipiga matangazo ya biashara, akarudi na kamera kubwa na tabia ya kuanza kila sentensi na neno soko. Tulikubaliana kwamba mimi nitatunga na kuongoza, yeye atakuwa mtayarishaji na atahariri, kwa kuwa kompyuta yake ndiyo yenye nguvu na nyumba yake ya Milimani ina sola, hata stima ikipotea kazi haisimami. Nilimshukuru kwa moyo mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hadithi ilinijia jioni hiyohiyo. Mama mmoja anatoka nyumbani na samaki kwenye sahani iliyofunikwa, anamletea binti yake aliyeolewa mtaa wa Manyatta. Binti hayupo. Aliyepo ni mkwe, na nyumba yenyewe ni chumba kimoja: kitanda hapa, jiko pale. Sasa kila Mjaluo anajua shida iko wapi. Mama mkwe haingii mahali anapolala mkwe wake, na hali chakula mbele ya macho yake. Wapo siku hizi wanaopuuza, lakini walio wengi bado wanaheshimu, na heshima hiyo ina uzito wake. Basi mvua inaanza. Mama amesimama nje chini ya ukingo wa bati, mkwe yuko ndani anahangaika, hawezi kumkaribisha na hawezi kumwacha alowe. Mwishowe anafanya nini? Anakikokota kitanda, godoro na vyote, anakitupa nje kwenye mvua. Chumba kisicho na kitanda si chumba cha kulala tena. Mama anaingia, anaketi kwenye kiti, anaiweka sahani chini bila kuifunua, na mkwe anatoka kusimama nje kando ya kitanda chake. Hapo inaisha.

Naipenda hadithi hiyo mpaka leo. Inachekesha, na hakuna anayechekwa.

Wa kuigiza mama nilimjua tayari. Ni mjane anayeuza omena sokoni. Mimi ndiye niliyepiga mazishi ya mumewe, na tangu siku hiyo ananiita nyathina, mwanangu, kama binti yake wa kumzaa. Ana sauti ambayo akiongea, wateja wa meza ya jirani hugeuka. Nilimwendea Jumamosi asubuhi akiwa anapanga madebe yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka sana pale pa kitanda, kisha akaacha kucheka.

"Sikia, nyathina," aliniambia. "Mimi niko na mkwe Bondo, na huyo mtu ananiheshimu. Mukitaka nisimame kwa mvua, nitasimama. Lakini nyumba yenye iko na kitanda siingii, hata kwa sinema. Na kukula mbele ya huyo kijana wenu, hiyo hapana. Hiyo ni kwer."

Kwer ni mwiko. Nilimwambia kwamba filamu yenyewe inasema hivyohivyo, na nikamwahidi mbele ya wauza omena wenzake kwamba hataonekana akila wala akiwa chumbani na kitanda. Mtayarishaji wangu alikuwa amesimama hapo kando yangu. Aliitikia kwa kichwa, akasema, "Sawa kabisa, Mama." Nataka hilo lijulikane. Hakuna aliyekuja kumsimulia baadaye; alisikia kwa masikio yake.

Chumba kilikuwa cha mwigizaji wetu wa pili, mwendesha bodaboda wa Manyatta, mcheshi asiyejua kwamba ni mcheshi. Mvua ilikataa kunyesha, kama kawaida ya mvua ukiwa unaitaka, kwa hiyo tulimwita jamaa anayeosha pikipiki pale barabarani na pampu yake. Akaelekeza maji juu ya mabati. Majirani walitoka na viti vyao. Mama alisimama chini ya ukingo wa bati ameishika sahani kwa mikono miwili, maji yakimtiririkia mabegani, na kila mara mwendesha boda alipochungulia mlangoni yeye aligeuza uso kando, polepole, kwa adabu ambayo huwezi kumfundisha mwigizaji. Kitanda kilipotoka, mguu mmoja ulikwama kwenye kizingiti. Haikupangwa. Mwendesha boda akaanza kukibembeleza kitanda kwa Kijaluo kana kwamba ni ng'ombe aliyekataa kuvuka mto, na majirani wote wakavunjika mbavu. Nilijua tumepata filamu. Machozi yalinilenga, nikajifanya nafuta kioo cha kamera.

Kabla ya hapo tulikuwa tumekula. Jirani mmoja alitupikia ugali na samaki, na Mama alikula jikoni kwake pamoja na wanawake, mlango umerudishwa, mwendesha boda akiwa na wanaume huko nje. Nilimwona mwenzangu akiingia jikoni na kamera yake. Nilimuuliza anapiga nini. Akasema ni kumbukumbu tu, picha za nyuma ya pazia, timu zote hufanya. Mama mwenyewe hakujali, alikuwa na wanawake wenzake. Alikula anavyokula siku zote, akichambua mifupa ya samaki kwa vidole na kuinyonya, akisimulia habari za soko.

Jumapili tulikaa kuhariri. Adhuhuri simu ikaja kutoka Manyatta: mwendesha boda hakuwa na pa kulala, godoro lake lilikuwa bado linachuruzika maji na mwenye nyumba alikuwa analalamika kuhusu kitanda kilichozuia njia. Mwenzangu akasema mmoja wetu aende, na kwa kuwa yeye ndiye anayehariri, basi ni mimi. Nikaenda. Mimi, mwongozaji wa filamu, nilizunguka Manyatta nikitafuta godoro la kuazima, nikaanika lililolowa juu ya ua, nikamwomba mwenye nyumba msamaha kwa ajili ya kitanda. Niliporudi Milimani alikuwa ameshatuma. Alikuwa amejilaza kwenye kochi, anatabasamu. Nilitaka kuiona. Akakataa, akasema niisubiri ukumbini nishangae na wengine, kwamba imekuwa moto. Nilikuwa nimechoka, nikamwamini.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi iliyofuata, mchana, katika ukumbi mmoja mjini. Mama alikuja amevaa sare yake ya kanisa, nyeupe, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi. Na alikuwa amemwalika mkwe wake. Yeye mwenyewe alimtumia ujumbe kupitia binti yake, kwamba aje aone jinsi mama mkwe wake anavyoshika heshima mbele ya mji mzima. Mkwe akaja kutoka Bondo pamoja na kaka zake. Walisalimiana kwa mbali bila kupeana mikono. Yeye akaketi upande wa mlango, Mama akaketi nami mbele, na nilihisi anavyojinyoosha kila taa zilipozimwa kwa filamu nyingine.

Yetu ikaanza. Mama yuko nje na sahani. Watu wakacheka vizuri. Mvua. Mwendesha boda anachungulia. Kisha, badala ya kitanda kutoka, nikamwona Mama akiutazama mlango, mlango ukafungwa, na picha iliyofuata, kipande tulichompiga peke yake akihangaika, ni mwendesha boda ameketi kitandani na fulana ya ndani, anatazama mbele yake akimeza mate. Na mbele yake, kwa ujanja wa kukata na kuunganisha, alikuwa Mama anakula. Uso wake ulijaa ukuta mzima. Vidole, mifupa ya samaki, mdomo. Kisha mwendesha boda. Kisha Mama tena, analamba kidole. Kitanda hakikutoka nje. Filamu iliisha mama mkwe akiwa chumbani na mkwe wake, anamaliza samaki.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mama alikivuta kitambaa chake cha kichwa mbele kikamfunika uso, akakaa hivyohivyo. Nilipogeuka kuangalia upande wa mlango, kiti cha mkwe kilikuwa kitupu.

Halafu wakatangaza zawadi, na mwigizaji bora wa kike akawa ni yeye. Waliita mara ya kwanza, wakaita tena. Hakuinuka. Basi mwenzangu akapanda jukwaani kumpokelea, akashika kipaza sauti na kuwashukuru mama zetu waliokubali kuachana na mambo ya kale. Alipigiwa makofi. Nimefanya kazi kwenye mazishi ambako watu walipigana mbele ya jeneza na sijawahi kutamani kumpiga mtu kama nilivyotamani siku ile.

Nilimkamata kwenye ngazi, kile kikombe cha zawadi bado kiko mkononi mwake. Nilimuuliza kama hakusikia alichoambiwa sokoni.

"Hiyo ya kitanda ilikuwa inaboo, watu wangelala," akasema. "Majaji wametoka ng'ambo, hawangeelewa. Na kitu yetu ilikuwa sahani, si kitanda. Watu wamecheka, wewe unataka nini? Ni sinema tu."

Nilimwita jina ambalo sitaliandika hapa. Sijutii.

Mama alikuwa amesimama nje kivulini, peke yake. Alinishika mkono. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alisema mkwe wake bado yuko pale kwenye pikapu, na kwamba yeye hawezi kumwendea kumweleza jambo kama hilo. "Wewe ulikuwa hapo," akaniambia. "Mwambie nilikula kwa jikoni ya wamama."

Nikaenda mbio. Mkwe alikuwa ameketi kwenye usukani, kaka zake nyuma. Nilimweleza yote kupitia dirishani: jikoni, wanawake, mlango uliorudishwa, picha zilivyounganishwa ili kudanganya macho. Nilimwapia kwamba Mama hakukanyaga chumba kile kikiwa na kitanda. Alinisikiliza bila kunikatiza. Ni mtu mpole, lazima niseme hivyo.

"Nakuamini, dada," akasema. "Hakuingia kwa hiyo nyumba. Najua sinema ni uongo." Aliutazama usukani. "Lakini hiyo kukula haikuwa uongo. Nimeoa kwa huyo mama miaka mingi na sijawahi kumuona akikula. Leo nimemuona."

Nilikuwa nimejiandaa kueleza uongo wa filamu, na mtu huyu alikuwa ananiambia kwamba kilichomuumiza ni ile sehemu ya kweli. Aliwasha gari. Nilirudi kwa Mama nikamweleza neno kwa neno, maana sikuona haki ya kumficha.

"Basi ameona," akasema. Akanyoosha sare yake, akaita boda, akaenda zake.

Tangu siku ile haendi Bondo. Hakuna aliyemkataza, ni yeye anasema hawezi kumtazama mtu yule akijua anachokumbuka. Wajukuu huletwa kwake na binti yake, na mkwe akiwasindikiza huishia stendi. Mimi nampelekea samaki mara kwa mara na hunikaribisha vizuri, ila sahani ikifika anasema ameshashiba. Wanawake wa soko wananiambia siku hizi chakula cha mchana anakila nyuma ya kibanda, ameipa barabara mgongo.

Filamu iko mtandaoni. Nimewaandikia waandaaji waiondoe, wakanijibu kwamba aliyeisajili ni mtayarishaji, na yeye ndiye mwenye usemi. Yeye hapokei simu zangu. Wiki iliyopita niliifungua tena, nikashuka chini kusoma maoni ya watazamaji. Wanamsifu Mama. Wengi wao wanasema wamependa anavyokula.