Gari Lililomkataa Mkwe

Waliosema mganga hajigangi walikuwa wananisema mimi. Nina gereji Nkende, natengeneza magari ya watu, na langu mwenyewe lilikuwa linanidhalilisha. Ni haibridi, linakwenda kwa mafuta na kwa betri kubwa iliyojilaza chini ya kiti cha nyuma. Nikiwa na mke wangu halina neno. Nikijaza magunia ya mahindi kwenye buti, halina neno. Nikimbeba mama mkwe tu, taa ya onyo inawaka na nguvu zinakata.

Mashine ya kupimia ilisema joto la betri limezidi. Nami kwa hasira zangu nikaisingizia sensa ya joto, kile kidude kinachopima joto la betri. Nikaitukana, nikaing'oa, nikafunga nyingine. Safari iliyofuata na mkwe, taa ikawaka tena.

Basi mke wangu akajifungua mtoto wetu wa kwanza. Aliporudi nyumbani akatangaza kwamba hakuna atakayemwogesha mtoto huyo isipokuwa bibi yake, yaani mama mkwe wangu. Beseni likawekwa tayari, nikaenda Genkuru kumchukua. Shemeji, mdogo wa mke wangu, tulikwenda naye, maana kwao bado wanashika mila: mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani wala hawasemeshani, lazima awepo wa kuwapelekea maneno.

Mkwe akaketi nyuma yangu kabisa, shemeji mbele kando yangu. Tukajipenyeza katikati ya bodaboda za Nyamongo salama, lakini tulipoanza kupanda mlima, taa hiyo. Nikaegesha pembeni.

Kisha mkwe akamwambia shemeji, "Mwambie anirudishe nyumbani. Gari lenyewe linajua sitakiwi kukaa karibu na mkwe wangu."

Alisema bila hasira hata kidogo, na hapo ndipo nilipoogopa. Akirudi, hatapanda tena, na mke wangu yuko mlangoni anatazama barabara. Nikamwomba, kupitia shemeji, anipe muda kidogo.

Nikachomeka mashine. Betri ile ina sensa tatu. Asubuhi, gari likiwa bado baridi, nilikuwa nimezipima, zote zikasoma joto moja na hewa ya nje. Sasa zilikuwa zimepanda zote kwa pamoja. Sensa mbovu hudanganya peke yake. Tatu kupanga uongo mmoja, hapana. Betri ilikuwa na homa kweli. Feni ya kuipoza huvuta hewa ya ndani ya gari kupitia matundu yaliyo ubavuni mwa kiti cha nyuma, upande wa dereva, mahali ambapo macho yangu hayaruhusiwi kwenda.

Nikamwomba shemeji aangalie pale. Akageuka, akaziba mdomo asicheke. Mama yake alikuwa amelirundika blanketi lake zito kwenye kona ile na kujibanza nyuma yake, ili kioo cha ndani kisinionyeshe uso wake. Kumbe kila safari alifanya hivyo. Heshima yake kwangu ndiyo iliyokuwa inainyima betri hewa.

Sasa utamwambiaje mkwe apunguze kukuheshimu? Nilinyoosha mkono nikakigeuza kioo kikatazama paa.

"Mwambie mama," nikasema, "kioo hiki hakimwoni mtu tena."

Shemeji akapokea blanketi, akalipakata. Tukangoja betri ipoe, tukaondoka, mimi nikitegemea vioo vya pembeni. Taa haikuwaka mpaka Nkende.

Nilishuka nikautazama ukuta mpaka mkwe alipoingia ndani. Nikamsikia mke wangu akisema, "Mama," kisha akaangua kilio alichokuwa amekibana tangu asubuhi. Baadaye maji yakamiminwa kwenye beseni, na mwanangu akapiga ukelele wa hasira, hasira zangu zile zile. Nilikaa barazani nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka.

Wateja huniambia fundi mzima naendesha na kioo kinachotazama paa. Nawaambia kiko sawa, na sikigusi.