Nilisimama Upande wa Jiko

Mwanangu, ipo siku moja inanirudia kila mwaka, watoto wa hapa Bariadi wanapokuja kuniuliza wachague kombi gani, yaani mchanganyiko gani wa masomo. Nimechoka kuisimulia, sikufichi. Lakini nikinyamaza nitakuwa nimekunyima. Kaa hapo.

Nilikuwa kidato cha pili, miaka ile ya Ujamaa, msichana wa Shishiyu niliyelelewa na bibi yangu. Mama alifia juu ya mkokoteni wa ng'ombe, uchungu umemshika, hospitali bado iko mbali. Tangu hapo nilikuwa na neno moja tu: nitakuwa muuguzi, nizalishe akina mama. Baiolojia niliipenda, kemia nayo haikunisumbua.

Rafiki yangu Kabula tulitoka naye kijiji kimoja. Bwenini tulilala kitanda kimoja, kisimani tulikwenda na ndoo moja, na kwenye palizi ya pamba ya shule hatukuachana. Tuliitana pacha.

Siku ya kuchagua masomo ya mtihani wa kidato cha nne, mwalimu mkuu alitupanga uwanjani. "Wanaotaka sayansi, simameni upande wa tangi la maji. Wanaotaka sayansi kimu, mapishi na ushonaji, upande wa jiko." Nikaenda kwenye tangi. Kabula akaenda upande wa jiko, maana kemia ilimtoa jasho. Akageuka, akaniona niko kule, machozi yakamlengalenga.

"Pacha, unaniacha?"

Enzi zile, mwanangu, tuliimba umoja asubuhi na jioni. Kuitwa mbinafsi lilikuwa tusi. Nikajiona mbinafsi mbele ya shule nzima, nikavuka uwanja. Kabula akanikumbatia, nami nikafurahi, tena sana! Ujinga una hila hiyo, siku unapoufanya hauumi.

Likizo nikamweleza Bibi. Alikuwa anapepeta choroko, akauweka ungo chini.

"Ng'wanone, mwanangu wee, kijiji kimoja tumewekwa, shamba moja tunalima, hata maji tunapanga foleni pamoja. Uchungu wa kuzaa je? Ulishaona tukigawana?"

"Lakini Bibi, Kabula ni pacha wangu."

"Pacha! Mapacha wa tumbo moja wenyewe, kila mmoja hunyonya ziwa lake. Ukifungua shule, nenda kwa mwalimu wako."

Shule ilipofunguliwa niliona aibu kumwambia Kabula. Nikasema kesho, nikasema wiki ijayo. Wahenga hawakukosea, ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilipokwenda kwa mwalimu, nafasi za kemia zilikuwa zimejaa. Muhula uliofuata Kabula akaposwa, mahari ya ng'ombe ikakubaliwa, akaolewa kijiji cha Lingeka. Akaniacha darasani na masomo yake.

Mtihani nilifaulu, tena vizuri. Chuo cha uuguzi wakanijibu kwa upole kwamba nimefaulu, ila si masomo wanayoyataka wao. Nikawa mwalimu wa ushonaji. Ni kazi ya heshima, imenilisha mpaka leo, siidharau.

Kabula alipokaribia kujifungua mimba ya kwanza aliniita. Nilimshonea mtoto nguo nyeupe, na kofia yake. Zahanati ilikuwa mbali, wakamzalisha nyumbani. Mimi niliachwa nje, maana msichana ambaye hajazaa hakuruhusiwa kuingia, labda awe muuguzi. Nilikaa pale namsikia akilia. Mtoto hakuzivaa zile nguo. Sisemi ningemwokoa, hilo ni la Mungu. Nasema ningekuwa ndani.

Basi usiniulize ni kombi gani yenye ajira. Sijui mimi, dunia inageuka kila siku. Jua kwanza unataka kufika wapi, kisha waulize waliokwisha kufika huko walidaiwa masomo gani, ndipo uchague. Rafiki akilia, mfute machozi, halafu nenda kwenye darasa lako. Atakayekupenda atakupenda hata mkikutana saa ya chakula tu. Na ukigundua umekosea, rudi kwa mwalimu siku hiyo hiyo, hata kama uso umekushuka. Aibu ya siku moja inapoa. Mimi hii yangu nimezeeka nayo.

Nenda, mwanangu. Mungu akufikishe, na siku watakapotafuta mtu wa kuingia ndani, wakukute umejiandaa.