Arobaini ya Mama Zuhura

Aibu bado haijaniisha, ndugu zangu. Mimi ni katekista wa kijiji cha Mapera, na kwa maana za namba za Biblia huniambii kitu.

Tangu biashara iachiwe huru, Bwana Salumu, mtu wa pwani, amefungua duka Mbinga mjini. Anayeuza ni mkewe, Mama Zuhura, daima ndani ya buibui pana. Majuzi nilifuata chumvi, nikamkuta mume peke yake, macho mekundu.

"Mwalimu, mama siku hizi hayupo dukani," akasema. "Jumamosi tunafanya arobaini. Karibu utuombee."

Kwetu arobaini ni moja tu, ya kumaliza msiba. Nikampa pole, naye akajibu, "Tumeshapoa, tunamshukuru Mungu."

Jumamosi nilifika na debe la mahindi, nimevaa suti yangu nyeusi ya mazishi. Pilau ilinukia, nikasema moyoni, hawa wanajua kumuaga mtu. Nilipokaribishwa kuomba nikasimama, nikaeleza mvua ya Nuhu, jangwa la Waisraeli, mfungo wa Yesu.

"Arobaini ni namba ya majaribu," nikasema, machozi yakinitoka, "na marehemu Mama Zuhura ameyavuka."

Pazia la chumbani likafunguka, akatoka Mama Zuhura mwenyewe, hina mikononi, kichanga cha siku arobaini kifuani.

"Shikamoo mwalimu," akasema. "Kumbe nilikufa siku ile ya kujifungua, na hawa wote hawakuniambia."