Janti za Kumsindikizia Bibi Arusi

Katika ukoo wetu bibi arusi hatoki nyumbani peke yake. Kaka wa mama yake ndiye anayemshika mkono, anamvusha mlango na kumsindikiza mpaka kwa mume. Mwaka huu zamu ilikuwa yangu, na hakukuwa na mtu wa kunipokea, maana aliyeolewa ni binti wa dada yangu, na kwa upande wa mama ana mjomba mmoja tu, na ndiye mimi. Upande wa baba yake wapo baba wadogo watano, wote wana sauti nene, na walikuwa wamekwisha kutafuta gari la kupambwa maua. Mimi nilipanga kumpakia kwenye pikipiki yangu kuukuu, niliyouziwa na mfanyabiashara wa kutoka Kivu ya Kaskazini, aliyeniapia kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa padri. Kama ni kweli, yule padri alikuwa akiwakimbia waumini wake.

Janti zake, yaani ile miduara ya alumini inayoshika mipira, zilikuwa za rangi ya dhahabu. Dhahabu yenyewe ilikuwa imechakaa, hapa manjano, pale kijivu. Nikaamua kuiondoa yote ili alumini ing'ae kama kioo. Nilitaka watu wa upande wa baba waone kwamba mama wa mtoto huyu naye alikuwa na kwao. Dada yangu alikufa wakati wa vita, kwa homa ambayo siku hizi mtu anapewa vidonge na kurudi shambani. Mtu mwenye akili angemnunulia binti kitenge kizuri. Mimi niliamua kusugua magurudumu.

Nilisugua kwa mchanga, nikasugua kwa msasa, nikasugua kwa dawa ya meno. Mke wangu alisimama mlangoni akiwa na mswaki mkavu mkononi.

“Baba ya batoto,” akasema, akiielekezea pikipiki ule mswaki, “ile moto iko na meno?”

Dhahabu haikutoka. Nilipeleka pikipiki kwa fundi wetu hapa mtaani Mikelenge. Alipitisha ukucha juu ya janti akacheka.

“Hii si rangi, mukubwa. Hii njo ngozi ya alumini yenyewe, waliikomaza na kuranti, na umeme, kule kiwanda. Utasugua mpaka uzeeke. Pata soda, ile ya kupika sabuni, tia mu maji, paka, suuza. Kiisha njo utasugua.”

Aliposema sabuni, masikio yangu yalijifunga. Mambo ya sabuni unanifundisha mimi?

Wakati wa vita treni ilikoma, na vitu vya dukani vikakoma pamoja nayo. Sabuni tulijipikia. Dada yangu ndiye aliyekuwa mpishi, mimi mchomaji wa maganda ya ndizi. Tulichuja maji kwenye majivu, tukayachemsha mpaka yawe makali, tukayachanganya na mafuta ya mawese. Kabla ya kuchanganya, dada alitumbukiza yai bichi. Likizama, maji bado ni mepesi, unaendelea kuchemsha. Likielea na kutoa kichwa, maji yamefika. Kisha sabuni inalazwa mpaka ishike, na hakuna kuigusa. Dada alikuwa mkali kwa jambo hilo. Alikuwa mkali kwa mambo mengi, na mpaka leo nikikosea kitu nasikia jinsi ambavyo angenisema. Ninamkosa sana. Ukali wake ndio ninaoukosa zaidi.

Basi nilinunua soda sokoni kwa wapika sabuni. Fundi alikuwa ameziondoa zile janti na kunipa, nikazilaza uani juu ya matofali. Nikajifunga mifuko ya plastiki mikononi, nikamimina soda kwenye ndoo ya maji, nikatumbukiza yai. Lilizama. Nikaongeza. Likazama tena, nikaongeza tena, mpaka yai likapanda na kutoa kichwa. Nilifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani wa taifa. Haikunijia hata kidogo kwamba yale yalikuwa maji ya kugeuza mafuta kuwa sabuni, na kwamba kitu laini kama alumini hakihitaji ukali wa namna ile.

Nikalowesha matambara nikazizungushia janti. Zikaanza kuchemka, povu likapanda, moshi wenye harufu ya kukaba ukatoka.

“Inafanya kazi!” nikamwita mke wangu.

“Hata mie naona,” akajibu kutoka mbali, akiwa amekwisha kuondoa kuku. “Sasa suuza.”

Kusuuza? Kitu kinalazwa mpaka kishike. Nikaenda zangu kunyolewa kwa ajili ya arusi, nikapiga soga na kinyozi, nikapitia kumwambia jirani aje kesho aone maajabu.

Niliporudi, povu lilikuwa limelala. Nilifunua tambara la kwanza. Dhahabu ilikuwa imetoka kweli, na alumini ilikuwa imeifuata. Nilikuta kitu cheusi kama chini ya sufuria, na nilipokisuuza kikawa na mashimo mashimo, pale zinapoingia spoki pamelika mpaka ningeweza kuchungulia upande wa pili. Fundi alikuja, akainua janti, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikabonyea. Hakucheka tena, na hapo ndipo nilipoogopa.

“Mukubwa, hii haibebe hata mbuzi.”

Kesho yake, wageni walipojaa nyumbani, nilikuwa nyuma ya jiko na suti yangu, nimekaa juu ya kinu. Mikono ilikuwa imebabuka kwa sababu mifuko ilitoboka. Mbele nilisikia gari likiwashwa, na baba mdogo mmoja akiuliza kwa sauti upande wa mama uko wapi. Nilijiambia waende tu. Wana gari, wana maua, watamfikisha vizuri. Mimi nitasema niliumwa tumbo. Niliona haya, na chini ya haya kulikuwa na hasira, maana nilikuwa nimepewa kazi moja tu, kusimama badala ya dada yangu asiyekuwepo, nami nimeiharibu.

Binti akaja huko nyuma na nguo zake zote nyeupe, akiziinua zisiguse majivu.

“Mjomba, unafanya nini hapa?”

“Janti zimeharibika.”

“Nimesikia. Mutaa muzima umesikia.” Akanitazama. “Mjomba, mie siolewi na janti. Mama hayuko. Weye ukibaki hapa, mie nitatoka na nani?”

Nikasimama, nikamwonyesha viganja vyangu ili aone kwamba si vya kushikwa na mtu mwenye glovu nyeupe. Akavua glovu moja, akanishika.

Tulivuka mlango. Gari lilikuwa likinguruma na milango yake imefunguliwa, binti akalipita. Tulikwenda kwa miguu, gari na maua yake likitufuata polepole nyuma, na baba wadogo watano ndani yake. Nilikuwa nimejiandaa watu watazame magurudumu. Walimtazama mzee mwenye nywele zilizonyolewa vizuri akilia njia nzima, na bibi arusi akimwambia anyamaze, kwa ukali ule ule wa mama yake.