Midomo ya Kiwandani

Mama Edinah Musimbi alifuma vitambaa kiwandani hapa Eldoret miaka ishirini. Siku hizi amestaafu, na anapenda riwaya kuukuu za familia za wafanyakazi wa Uingereza ya karne ya kumi na tisa. Juzi akasoma kwamba wafumaji wa huko, kwa sababu ya kelele za mashine, waliongea kwa kuchezesha midomo bila sauti.

“Ala! Kumbe na hawa?” akamaka. Alidhani mtindo huo ni wa wafumaji wa Eldoret peke yao. Ndivyo marehemu mumewe, Wesonga, alivyomwambia anataka kumwoa, akiwa upande wa pili wa mashine.

Wesonga alizikwa Bungoma mwaka juzi. Edinah aliitazama picha yake ukutani, akamsimulia habari hiyo kwa midomo, akangoja.

Hadi leo hajamsamehe yule mpiga picha aliyemwambia mumewe afunge mdomo.