Mlango wa Mchana

Mwavita hajui kukaa. Hata kanisani husimama kabla ya wimbo kuanza. Alilelewa Bukavu, akarudi Rwanda mtu mzima, na sasa anashona nguo hapa Nkungu, kilimani, ambako upepo wa msituni huingia nyumbani bila kubisha hodi.

Mwaka huu kilichomkosesha raha ni babula, jiko la makaa ambalo mama yake, Feza, huliingiza chumbani jioni, akafunga dirisha, akalala. Asubuhi moja bibi kizee aliamka akitapika, kichwa kikimgonga. Muuguzi hakuzungusha maneno: hewa ya makaa ni sumu, safari nyingine hataamka.

Mwavita akaleta magunia ya makapi ya mpunga kutoka Gikundamvura, akayapanga juu ya dari yazuie joto kutoka. Akaziba kwa udongo nafasi kati ya ukuta na mabati. Upande wa machweo akaweka dirisha la kioo, na chini yake bidoni, madumu ya maji yaliyopakwa rangi nyeusi, yanywe jua mchana na kulirudisha usiku.

"Maman, unachemshia ukuta maji ya kuoga?" fundi aliyekata kioo alimuuliza.

Jioni, chumba kikawa baridi vilevile, na Feza akaitisha babula yake. Mwavita akapapasa kuta, akapanda darini, akamshuku muuza makapi. Hadi alasiri moja alipowahi kurudi, akakuta mlango wazi kabisa, umezuiwa na jiwe, na mama yake ndani amejifunika mablanketi mawili.

"Maman, joto yote inatoka."

"Itoke. Mchana bachoyo ndio banafungaka mulango. Bantu batasema tunakula nyama."

"Tunakula mihogo."

"Sasa bataona namna gani, kama mulango imefungwa?"

Mwavita akatoka nje. Alizunguka ua mpaka kuku wakachoka kumkimbia. Kesho yake akaweka benchi nje, na juu yake sahani ya mihogo ya kuchemsha, mbele ya macho ya kijiji kizima. Kisha akafunga mlango.

Jirani yao Jolie akala mihogo, akabisha kuomba chumvi, akaingia, akasahau chumvi.

"Maman Feza, humu ndani munaficha jua?"

"Hatufichi kitu," Feza alisema, akamvutia kiti.

Jioni hiyo babula ilibaki barazani. "Ni ya kuchomea mahindi," Feza alieleza, kana kwamba haijawahi kuwa na kazi nyingine.

Mwavita akakaa. Halafu akasimama, akaenda kuhakikisha kwamba bado iko nje.